Unyevu wa Pwani, Baridi ya Mlima: Majibu Kuhusu Mifuko ya Kulalia ya Manyoya

Kaskazi imeanza kuvuma na barua zenu zimegeukia mlima. Wengi mnajiandaa kupanda Mlima Kenya Januari na Februari, miezi ya ukame, na mnauliza kama mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya laini ya bata unamfaa mtu anayeishi Mombasa. Unafaa sana, kwa sharti kwamba ufike mlimani mkavu. Mengi ya majibu yaliyo hapa chini yanahusu sharti hilo, kwa sababu manyoya huanza kuharibika hapa nyumbani kabla hayajaiona baridi.

Mfuko wangu una namba tatu kwenye lebo: +2, −4 na −20. Muuzaji amesema unastahimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Tunapanda Mlima Kenya hadi kilele cha Point Lenana kupitia njia ya Sirimon, tunalala kambi za Old Moses na Shipton's. Utanitosha? (Msomaji, Bamburi)

Hautakutosha, ndugu yetu, na namba aliyokusomea muuzaji ndiyo ya kuacha kabisa. Namba hizo tatu hutoka katika kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 23537, kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya, EN 13537. Mfuko hupimwa kwa sanamu yenye joto, iliyovishwa nguo ndefu za ndani na soksi na kulazwa juu ya godoro la kambi. Namba ya kwanza, +2, ni baridi ambayo mwanamke wa wastani atalala ndani yake kwa raha, bila kujikunja. Ya pili, −4, ni ya mwanamume wa wastani aliyejikunja, akiwa mpakani mwa kutetemeka. Hiyo −20 maana yake ni kwamba mwanamke huyo huenda akaishi saa 6 bila kufa kwa baridi, ingawa vidole vyake vinaweza kuganda. Hakuna anayepanga usingizi wake kwa namba hiyo.

Sasa hesabu ya mlima. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa Januari Mombasa ni kama nyuzi 24. Old Moses iko mita 3,300, kwa hiyo toa 21 na utabaki na nyuzi 3. Shipton's iko mita 4,200 hivi, toa 27 na utakuwa nyuzi 3 chini ya sifuri. Hayo ni makadirio ya usiku wa kawaida. Anga ikiwa wazi, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa baridi huteremka na kukusanyika mabondeni. Shipton's imekaa kichwani mwa Bonde la Mackinder, kwa hiyo jiandae kwa −5 hadi −10. Vitanda vya ndani ya banda vitakukinga na upepo tu, kwani huko hakuna moto wa kupasha chumba.

Kwa mtu wa Pwani tunashauri uangalie namba ya kwanza peke yake, uchague mfuko unaosoma −5 au chini zaidi, hata kama wewe ni mwanamume. Mwili uliochoka, uliokula kidogo kwa sababu ya kichefuchefu cha mwinuko, na ambao haujawahi kuizoea baridi, hautoi joto linalodhaniwa na kipimo. Mfuko wenyewe hauzalishi joto hata chembe. Manyoya kazi yake ni kuishika hewa isitembee, ili joto ulilolitoa wewe libaki karibu nawe.

Kama mfuko ulio nao ndio huo huo, una njia mbili. Ya kwanza ni kukodi mwingine kutoka kwa waongozaji wa Nanyuki au Naro Moru, ukiuliza namba ya kwanza ya lebo na kuukagua kabla ya kulipa. Ya pili ni kuuongezea nguvu: koti la manyoya lililotandazwa juu ya kifua, godoro zuri, na chupa ya maji moto miguuni. Chupa hiyo iwe ngumu na ya kutumika tena, maana chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa tangu Juni 2020. Kaza kifuniko, igeuze kichwa chini uone kama inavuja, kisha ivalishe soksi. Chupa ikivuja ndani ya manyoya, usiku umekwisha.

Nimeona mifuko miwili. Mmoja umeandikwa 650, mwingine 850, na bei ya pili ni karibu mara mbili. Je, wa 850 una joto zaidi? (Msomaji, Nyali)

Si lazima. Hiyo ni namba ya fil pawa, yaani kiasi cha nafasi ambayo manyoya hujaza yakiachwa yavimbe. Hupimwa kwa inchi za ujazo kwa aunsi moja. Kwa vipimo vyetu, gramu 28 za manyoya ya 650 hujaza karibu lita 10.6, na uzito ule ule wa manyoya ya 850 hujaza karibu lita 14. Joto hutokana na namba hiyo pamoja na uzito wa manyoya yaliyotiwa ndani. Gramu 700 za 650 na gramu 535 za 850 zitakupa uvimbe ule ule. Kwa hiyo tafuta kwanza uzito wa manyoya kwenye lebo. Muuzaji asiyeujua uzito huo hana habari ya kukuuzia.

Unacholipia katika 850 ni wepesi na udogo wa furushi. Kama utabeba mwenyewe siku tano, inafaa. Kama mizigo itabebwa na wapagazi, chukua 650 yenye manyoya mengi na utumie pesa iliyobaki kununua godoro.

Jambo jingine la kukagua dukani ni ushonaji. Bana mshono kwa vidole viwili. Kitambaa cha nje kikikutana na cha ndani pale pale kwenye uzi, hapo hakuna manyoya, na utaihisi baridi ikipita mstari kwa mstari. Mfuko wa mlima wa juu uwe na kuta ndogo za kitambaa kati ya tabaka mbili, zinazofanya vyumba vya manyoya. Uwe pia na kofia ya kukaza kichwani, kola nene ya shingoni, na mrija wa manyoya unaofunika zipu upande wa ndani. Bila mrija huo zipu huwa ni ufa wa urefu wa mwili wako.

Mfuko wetu wa manyoya umekaa kabatini miaka mitatu, ndani ya kile kifuko chake kidogo, hapa Mji wa Kale. Sasa umelala bapa na unanuka uvundo. Umekufa? (Familia, Kuze)

Huenda haujafa, lakini mmeuweka pabaya mara mbili. Kwanza, manyoya yakibanwa miaka, nyuzi zake ndogo huvunjika na kupoteza uwezo wa kurudi. Pili, hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na kuta za mawe ya matumbawe hufyonza maji na kuyatoa polepole. Kabati lililoegemea ukuta wa namna hiyo halikauki ndani. Manyoya yenye unyevu hushikamana, ukungu huota, na hapo ndipo harufu inapotoka.

Jaribuni kuufua. Kabla ya yote, upimeni kwenye mizani ya jikoni na mwandike uzito. Kagueni mishono, shoneni palipofunguka, fungeni zipu, geuzeni ndani nje. Mkifua kwa mkono, tumieni bafu au beseni kubwa lenye maji ya vuguvugu, kama nyuzi 30. Sabuni iwe ile ya manyoya. Ikikosekana, tumieni sabuni ya maji isiyo kali, kiasi kidogo tu. Msitie sabuni ya unga ya kufulia, jiki wala dawa ya kulainisha nguo: ya kwanza huondoa mafuta ya asili ya manyoya, ya pili huyala, ya tatu huyafunika kwa utando yasivimbe. Zamisheni mfuko ukiwa bado umebanwa, uachilieni ndani ya maji ili hewa isiunyanyue, kisha ukandamizeni kwa viganja kwa dakika kumi na kuuacha saa moja. Suuzeni mpaka povu liishe kabisa. Mara nne au tano ni kawaida.

Hapa ndipo wengi huuharibu: wanauinua kwa ncha moja. Manyoya yaliyolowa ni mazito, na yakiteremka kwa pamoja huzirarua zile kuta za ndani. Mwageni maji kwanza, kandamizeni yaliyobaki bila kukamua, kisha ubebeni mfuko wote kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtoto aliyelala. Mkitaka mashine, iwe ile ya mlango wa mbele. Yenye mhimili katikati itauchana.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe. Tafuteni dobi mwenye mashine kubwa ya kukaushia, aiweke kwenye moto mdogo kabisa, na mtie mipira miwili au mitatu ya tenisi iliyo safi ili ipigepige madonge. Inachukua saa tatu hadi tano, na kila nusu saa simamisheni mashine, mtafute madonge kwa vidole na kuyaachanisha. Moto mkubwa huyeyusha kitambaa cha nailoni. Bila mashine, fanyeni kazi hii wakati wa kaskazi tu, Desemba hadi Machi. Tandazeni juu ya wavu au kitanda cha kamba kivulini penye upepo, geuzeni kila saa, na uingizeni ndani kabla jua halijatua kwa sababu hewa ya usiku hurudisha unyevu. Huchukua siku mbili au tatu. Mkifua Mei, kwenye mvua na kusi, hautakauka kabla haujaoza.

Umekauka lini? Uinueni mbele ya dirisha. Mkiona vivuli vyeusi vya madonge, bado. Kisha pimeni tena: uzito usizidi ule wa mwanzo. Baada ya hapo ulazeni sakafuni saa moja mpimie urefu wa uvimbe kwa rula. Kama bado ni bapa na mkiutikisa unatoa vumbi jeupe, manyoya yamevunjika na hakuna fundi atakayeyarudisha. Utumieni kama blanketi la chumba chenye kiyoyozi. Madoa meusi ya ukungu kwenye kitambaa hayatoki, lakini hayazuii joto.

Wa sasa au wa baadaye, usirudi tena kwenye kifuko kile. Kifuko kidogo ni cha safari tu. Shoneni mfuko mkubwa kwa shuka kuukuu la pamba, wa kutosha manyoya yapumue, na mwuning'inize katikati ya chumba au mwuweke juu ya kabati mbali na ukuta. Chumba chenye kiyoyozi ndicho bora kuliko vyote, kwani kiyoyozi hukausha hewa. Utoeni mara moja kwa mwezi, siku kavu, kwa saa mbili tatu kivulini.

Kongowea kwenye mitumba nimeona mfuko usio na lebo. Nitajuaje kama ni manyoya kweli na kama bado una nguvu? (Mwanafunzi, Kisauni)

Ufinye. Manyoya laini hukubali kufinywa bila ukinzani, kisha hujirudisha polepole. Ukihisi vijiti vyembamba vingi, umechanganywa na manyoya ya kawaida ya mbawa, ambayo hayashiki hewa vizuri. Mifuko mizuri huandikwa 90/10, yaani sehemu 90 manyoya laini na 10 ya kawaida. Ukihisi shuka nene inayoteleza kwa pamoja, hiyo ni polista.

Kisha unuse. Harufu ya mbwa aliyelowa maana yake una unyevu ndani. Uendeshe zipu urefu wote mara mbili, kwani hewa ya chumvi hula zipu za chuma, na zile za plastiki hudumu zaidi. Mwombe mwenye kibanda aulaze saa moja, upime uvimbe wa tabaka zote mbili penye kifua. Sentimita 10 au zaidi, fikiria kununua. Chini ya 7, usiupandishe juu ya mita 4,000 hata kwa bei ya bure.

Napata baridi kutoka chini ingawa mfuko ni mzuri. Kwa nini? (Msomaji, Mikindani)

Kwa sababu uzito wako unayabana manyoya ya chini yakawa hayana hewa. Upande huo kinachokukinga ni godoro, na watu wengi hutumia pesa yote kwenye mfuko wakalala juu ya mkeka. Magodoro ya kambi hupimwa kwa namba ya R, na namba kubwa ndiyo bora. Godoro la povu la kukunja huwa na R 2 hivi, linatosha Taita lakini si Shipton's. Tafuta jumla ya 4 au zaidi. Namba hizi hujumlishwa: povu la R 2 chini na la kujaza hewa la R 3 juu hufanya 5. Povu likiwa chini, pia hulinda la hewa lisitobolewe na kokoto.

Tunataka kupanda Mlima Kenya kupitia njia ya Chogoria Aprili, likizo ya shule. Mfuko wa manyoya au wa polista? Na je, tukiwasha jiko la makaa ndani ya hema? (Mwalimu, Tudor)

Mwalimu, tuanze na la pili: msiwashe. Jiko la makaa ndani ya hema hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Hata nje ya hema msiliache karibu na mlango likiwa linafuka.

Aprili ni masika, na upande wa Chogoria hupokea mvua nyingi. Manyoya yaliyolowa hugeuka madonge na joto lote hupotea, na mlimani hayakauki bila jua la siku nzima. Polista ikilowa hubaki na sehemu ya uvimbe wake na hukauka upesi. Kwa kundi la wanafunzi wakati wa mvua tungechagua polista bila kusita, ingawa ni nzito na furushi lake ni kubwa. Manyoya yaliyotiwa dawa ya kusukuma maji huchelewesha tu kulowa.

Mfuko wowote utakaobeba, utie ndani ya mfuko wa mpira wa kukunja mdomo, ule wanaotumia wapiga mbizi na wenye boti hapa kwetu. Kunja mdomo mara tatu kabla ya kufunga. Kifuniko cha mvua cha begi hakitoshi, maana maji hupita mgongoni.

Mtoto akianza kutetemeka sana, kujikwaa au kuongea kwa kuburuta maneno, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mwingizeni kwenye mfuko, mpeni kinywaji chenye sukari kama bado anameza vizuri, na mpange kuteremka. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa na amechanganyikiwa, hali imezidi.

Ni kweli kwamba kulala bila nguo ndani ya mfuko kunaongeza joto? Na mbona asubuhi kofia ya mfuko huwa imelowa? (Msomaji, Changamwe)

Si kweli. Vaa nguo ndefu kavu, soksi kavu na kofia, ila zisiwe nene kiasi cha kuyabana manyoya kwa ndani. Nguo ulizotembea nazo zina jasho, zisiingie. Kula kitu kabla ya kulala, nenda haja, kisha piga-piga mfuko na uuache uvimbe nusu saa kabla ya kuingia.

Kofia hulowa kwa pumzi yako. Acha pua na mdomo nje, ufunike uso kwa skafu. Fungua tundu la hewa la hema hata kukiwa na baridi, la sivyo pumzi huganda juu ya turubai na kukudondokea. Jasho la usiku nalo hubaki ndani ya manyoya, na kila usiku mfuko hupungua joto kidogo. Jua likitoka, ugeuze ndani nje na kuutandaza juu ya mwamba wakati wa staftahi.

Je, manyoya haya ni twahara? Napenda kuswali karibu na mfuko wangu. (Msomaji, Majengo)

Hukumu ni ya mashekhe, na tunakushauri umwulize wa msikiti wako. Sisi tunaweza kukueleza asili yake tu. Manyoya mengi hutoka kwa bata na bata bukini waliochinjwa kwa ajili ya nyama, China ikiwa mzalishaji mkubwa. Alama ya RDS (Responsible Down Standard), iliyoanza 2014, huhusu jinsi ndege walivyotunzwa na kwamba hawakunyonyolewa wakiwa hai. Haisemi lolote kuhusu uchinjaji wa kisheria. Ukitaka kuepuka shaka, mfuko wa polista wenye namba ile ile ya kwanza utakufaa.

Tunawapeleka watoto milima ya Taita wikendi. Tununue mifuko ya manyoya? (Mama, Likoni)

Msinunue, mama. Vuria, kilele cha Taita, ni mita 2,208, na kwa hesabu ile ile usiku hushuka kwenye nyuzi 10 hivi. Mfuko mwepesi wa polista wenye +5 na godoro la povu vinatosha. Ukungu wa Taita ni mwingi, na manyoya yangelowa bure.

Manyoya yanachomoza kwenye kitambaa. Niyavute? (Msomaji, Mtwapa)

Usiyavute. Ukivuta moja, tundu hupanuka na linatoka la pili. Lishike kutoka upande wa ndani, ulirudishe kwa kufinya, kisha sugua tundu kwa ukucha ili nyuzi za kitambaa zirudiane. Palipochanika usishone kwa sindano, kwani kila tundu la sindano ni mlango mpya. Futa kitambaa kwa spiriti, kikauke, kisha bandika kipande cha tepu ya nailoni chenye pembe za mviringo, kikizidi mpasuko kwa sentimita 2 kila upande.